Msome Mwewe Kabla Hajaruka

Wengi wanaoniuliza kuhusu picha za mwewe na kipanga huanzia kwenye lenzi. Lenzi ina kazi yake, na ya milimita 400 inatosha kabisa kuanzia. Lakini picha nzuri ya ndege mbuai huja kwa kumjua ndege mwenyewe, na hapo ndipo jirani na nyumbani panapolipa: ndege yuleyule, mti uleule, mpaka unajua atafanya nini kabla hajafanya.

Kumpata, tazama chini ya miti mirefu na nguzo. Ukikuta kinyesi cheupe kimetapakaa na vidonge vikavu vya manyoya na vijifupa alivyotapika, juu hapo ndipo anapotua. Wasikilize kunguru pia; wakiuzonga mti mmoja kwa makelele, mara nyingi kuna bundi au kipanga ndani yake.

Nenda asubuhi mapema. Jua likishapasha ardhi, hewa ya moto hupanda, na wenye mabawa mapana hupanda nayo mpaka wanakuwa nukta angani. Kabla ya hapo wametulia tawini, na mwanga bado uko chini, unawaingia machoni. Jicho lisipong'aa, picha naifuta hata kama manyoya yametoka vizuri.

Ugumu uko kwenye kuruka. Akitaka kuondoka huinama mbele, hubana manyoya mwilini, na mara nyingi hunya. Ukiona hivyo anza kubofya mfululizo, maana ukingoja afungue mabawa umeshachelewa. Huruka akiukabili upepo, kwa hiyo simama upande upepo unakotokea ili aje kwako, usije ukabaki na picha za mkia. Kasi ya shata, yaani kipazia cha kamera kinachofunguka na kufunga, iwe 1/2000 ya sekunde au zaidi, na fokasi iwe ile ya kumfuata anavyosogea. Nyuma yake pakiwa na anga jeupe, ongeza mwanga wa picha hatua moja (+1 kwenye kamera), la sivyo atatoka mweusi tii.

Kiota sikisogelei, na hili sina mjadala nalo. Mama akiruka kwa kukuogopa, mayai yanapoa na kunguru wanaona mwanya. Mahali kilipo simwambii mtu, na picha huziondolea taarifa za eneo kabla ya kuziweka mtandaoni.

Hata aliyetua tu, akiacha kuchambua manyoya na kukukazia macho, umeshamkaribia mno. Rudi nyuma taratibu, shusha kamera, na usiinue tena mpaka arudie shughuli zake.