Krapi wa Majira ya Kuchipua: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Kila mwaka Machi ikianza kuonja jua, wavuvi wa krapi, samaki wa maziwa ya Marekani, wanaovua kwa mshipi katika majimbo ya Kentucky, Tennessee na Missouri, hurudi na lalamiko lilelile: "Mashine imesoma joto la maji 60, nimesimama ukingoni kutwa nzima, sijapata hata mmoja. Ziwa limeisha samaki." Ziwa halijaisha samaki. Krapi wapo, tena kwa makundi, hatua chache nyuma ya pale chambo kinapoangukia.

"Maji yakifika nyuzi 60, krapi wote wako ukingoni"

Hii ndiyo dhana inayowapotezea watu wikendi nyingi kuliko zote. Nyuzi 60 za Fahrenheit, yaani karibu 16 za Selsiasi, ni namba ya kweli: hapo ndipo kutaga mayai huanza kukaribia. Tatizo ni namna watu wanavyoisoma.

Kwanza, kihisio cha sona, ile mashine ya kutafutia samaki inayosoma pia joto la maji, kimefungwa nyuma ya boti, futi moja au mbili chini ya uso wa maji. Jua la saa tisa alasiri, siku isiyo na upepo, hupasha tabaka hilo la juu peke yake nyuzi nne au tano, na usiku joto hilo hupotea. Anayetaka kujua hali ya maji pale samaki alipo apime kwa kina. Weka kipimajoto ndani ya chupa ndogo, izibe kwa kizibo kilichofungwa uzi wake, kisha ifungie chubwi nzito ya kuizamisha. Iteremshe hadi futi 6, vuta ule uzi kizibo kichomoke, chupa ijae. Subiri dakika tatu, ipandishe haraka, soma papo hapo. Bila kizibo, chupa hujaa maji ya juu ikiwa bado mkononi na kipimo chote ni bure. Bila chupa, kipimajoto hubadilika kikiwa njiani kupanda. Fanya hivyo alfajiri, mahali palepale, siku tatu mfululizo. Namba ya alfajiri ikipanda, samaki wanasogea. Ikipanda ya alasiri tu, bado wapo walipokuwa jana.

Pili, ziwa halina joto moja. Kentucky Lake, ziwa la bwawa lililoko Kentucky na Tennessee, lina urefu wa maili 184. Siku hiyohiyo, hori fupi lenye tope jeusi chini linaweza kusoma 61 wakati maji mapana karibu na ukuta wa bwawa yako 53. Upande wa kaskazini wa hori hupata moto mapema, kwa sababu ukingo wake unatazama jua la kusini na kilima kilicho nyuma yake huukinga na upepo wa baridi. Upepo wa kusini ukivuma siku mbili, husukuma maji ya juu yenye joto na kuyarundika kwenye ukingo huohuo. Maji yaliyochafuka kidogo hushika joto la jua kuliko maji maangavu. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hori gani, upande gani, kina gani. "Ziwa liko ngapi leo?" ni swali lisilo na jibu.

Tatu, na hapa ndipo hasara kubwa ilipo: krapi hawahami kwa mkupuo. Wana njia, na njia hiyo mara nyingi ni mkondo wa zamani wa kijito uliozama chini ya hori. Maji yakiwa chini ya nyuzi 50, watafute kwenye kingo za mkondo huo, futi 15 hadi 25. Yakifika 50 hadi 55 hukusanyika kwenye mdomo wa hori, wakielea katikati ya maji, futi 10 hadi 18, bila kugusa chini. Kati ya 55 na 60 huingia ndani ya hori wakishika visiki na vichaka vilivyozama kandokando ya mkondo, futi 6 hadi 12. Madume ndiyo yanayotangulia ukingoni kufagia viota, maji yakiwa katika nyuzi za mwanzo za 60. Majike, ambao ndio wanene, hubaki nyuma kwenye poromoko la kwanza, yaani pale kina kinaposhuka ghafla. Wengi hutaga kati ya 62 na 68, kila jike kwa wakati wake, kisha hurudi nyuma. Dume hubaki akilinda mayai, ambayo huanguliwa ndani ya siku mbili hadi tano kulingana na joto.

Tazama samaki uliyemshika. Akiwa na kichwa na kifua vyeusi kama masizi, tumbo limebana, ni dume. Ukitoa watano wa namna hiyo mfululizo, unavua kwenye viota na majike wako kwenye kina zaidi. Tupa upande wa maji marefu, hatua kumi hadi kumi na tano kutoka ukingoni. Jike akishikwa, mpapase tumbo taratibu. Likiwa gumu na hakuna kinachotoka, bado siku kadhaa. Mayai yakitiririka kwa mguso mdogo, wiki hii ndiyo yenyewe.

Aliyekulia Tanganyika au Victoria ana sababu ya kukosea hapa. Kule joto la maji ya juu hubadilika nyuzi chache tu mwaka mzima, na sato hutaga miezi mingi. Isitoshe, jike la sato hubeba mayai mdomoni akaondoka nayo. Krapi ana msimu mmoja mfupi, na mlinzi ni dume.

"Baridi ikirudi, krapi wanarudi kilindini"

Upepo wa kaskazini ukipiga na mbingu kutakata, maji ya juu hushuka nyuzi tano hadi nane kwa siku mbili. Watu hukunja mishipi, au hukimbilia walikovua Januari. Kosa. Krapi aliyekwisha kuingia hori hurudi nyuma hadi kituo cha kwanza chenye kina: poromoko la karibu, kisiki kikubwa, nguzo za gati. Hugandamana na miti iliyozama na hataki kufukuza kitu. Punguza jigi, yaani ndoana yenye kichwa cha risasi, kutoka wakia 1/16 hadi 1/32 ili ishuke taratibu, isogeze karibu kabisa na kisiki, kisha iache itulie hesabu ya kumi. Uvumilivu wa siku hizo mbili unalipa kuliko kuzunguka ziwa lote.

"Barafu ikishayeyuka, krapi wa ukingoni wanataga"

Hii ni ya kaskazini, Minnesota na Wisconsin. Krapi huingia ghuba zenye tope jeusi maji yakiwa bado katika nyuzi za 40. Wanafuata chakula, yaani wadudu na vidagaa waliovutwa na joto, na wakipata baridi usiku mmoja hutoka. Kutaga kwao ni Mei, hadi Juni. Florida, kwenye ziwa Okeechobee, kazi hiyohiyo huanza Januari au Februari. Ndiyo maana ushauri wa "nenda Aprili" haufai bila kutaja jimbo.

"Krapi hutaga futi 3, basi"

Inategemea mwanga unafika wapi. Teremsha jigi nyeupe ubavuni mwa boti. Ikipotea machoni futi moja chini, viota vitakuwa kwenye maji ya futi 1 hadi 4. Ikiwa bado unaiona futi 6, acha ukingo kabisa, anza kutafuta futi 8 hadi 15. Kumbuka pia kwamba maziwa ya mabwawa hupandishwa majira haya: Kentucky Lake hupanda kama futi 5 kutoka kiwango cha baridi, kuanzia Aprili hadi mwanzoni mwa Mei. Kichaka kilichokuwa kikavu Machi kinaweza kuwa na viota wiki chache baadaye, na alama uliyoweka kwenye ramani ya simu haina maana usipoandika kiwango cha maji cha siku hiyo.

"Mweusi ni krapi mweusi"

Krapi wako aina mbili, mweupe na mweusi. Dume la krapi mweupe hupiga weusi wakati wa kutaga, kwa hiyo rangi hudanganya. Hesabu miiba ya pezi la mgongoni: mweupe ana 5 au 6, mweusi 7 au 8. Si jambo la majina tu. Krapi mweusi hupenda maji maangavu yenye majani. Mweupe huvumilia tope na hushika miti iliyozama.

"Mwezi mpevu ndio unaowaleta"

Mwezi mpevu ukikuta maji ya nyuzi 50, hakuna kiota. Pima maji.

"Chambo kikae chini kabisa"

Macho ya krapi yamekaa kutazama juu. Hupanda kufuata chakula, hushuka kwa nadra. Sona ikikuonyesha kundi futi 9, weka chambo futi 8. Kwa chelezo, pima kina cha kichaka kwanza, kisha funga kidoti cha kuzuia chelezo ili kidagaa kining'inie juu ya matawi ya kwanza. Aliyeweka chambo chini ya kundi amevua mahali pasipo na samaki, hata kama boti yake iko juu yao.

"Ukiona chelezo kinazama, vuta kwa nguvu zako zote"

Ngozi ya mdomo wa krapi ni nyembamba kama karatasi. Ukimshtua kama sangara, ndoana huchana tundu na samaki huenda zake. Tumia ndoana ya waya mwembamba namba 2 au 4, mshipi wa ratili 4 hadi 6, au 8 penye visiki, na ulegeze breki ya rili mpaka uzi utoke ukiuvuta kwa vidole viwili. Chelezo kikizama, au kikilala ubavu kwa sababu samaki amepanda nacho, inua ufito tu, kama unayemnyanyua mtoto aliyelala, usilegeze tena. Wavu uwe tayari ndani ya maji kabla hajafika juu, kwa maana wengi hudondoka pale mtu anapomning'iniza hewani ili apigwe picha.