Je, wajua Karelin alishindwa bila kuangushwa?

Wapenzi wa mieleka, ile ya Olimpiki, si ile ya televisheni yenye kamba na viti vya kuvunjiana mgongoni, hawachelewi kukutajia jina la Aleksandr Karelin. Mrusi wa Novosibirsk, huko Siberia, aliyezaliwa Septemba 19, 1967. Kimo mita 1.91, uzito wa mashindano kilo 130. Dhahabu tatu za Olimpiki mfululizo: Seoul 1988, Barcelona 1992, Atlanta 1996. Ubingwa wa dunia mara 9, wa Ulaya mara 12. Kisha watakumalizia hadithi: akatawala hivyo mpaka alipotokea Mmarekani mmoja, mtoto wa wafuga ng'ombe, akamnyanyua na kumbwaga chini mbele ya dunia nzima.

Yote ni kweli hadi hapo kwenye kubwaga. Hakuna aliyembwaga. Fainali ya Sydney, Septemba 27, 2000, ilikwenda dakika 9 na hakuna mmoja aliyempiga mwenzake mweleka. Rulon Gardner, mzaliwa wa Afton katika jimbo la Wyoming, alishinda 1-0, na pointi hiyo moja haikutokana na kutupa wala kuviringisha. Ilitoka kwa sababu vidole vya Karelin viliachana kidogo nyuma ya mgongo wa Gardner, vikakutana tena, na kamera ikaviona.

Wengine husahihisha kosa hilo kwa kosa jingine: basi waamuzi walimpendelea Mmarekani. Hapana. Kanuni za wakati ule zilisema kwamba ikiwa raundi ya kwanza ya dakika 3 imekwisha 0-0, raundi ya pili inaanza kwa kukumbatiana kifua kwa kifua, kila mmoja amefunga mikono nyuma ya mgongo wa mwenzake. Refa akishapuliza, atakayeachia mikono kwanza bila kufanya shambulio lililotimia anampa mwenzake pointi. Ndivyo ilivyokuwa. Mwanzoni mchezo uliendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Waamuzi walipoirudia picha ya video wakaona mikono imeachana, na Gardner akaandikiwa pointi yake. Unaweza kusema ni kanuni ya ajabu, nami sitakubishia, ila ilikuwa imeandikwa na wote wawili waliijua walipokanyaga mkeka.

Na kuna wa kundi la tatu, wanaosema Karelin alikuwa mzee, amekwisha. Alikuwa ametimiza miaka 33 siku chache tu nyuma. Mwaka uliotangulia alikuwa bingwa wa dunia, na mwaka huo huo wa 2000 alikuwa ametwaa ubingwa wa Ulaya. Inatajwa pia kwamba alikuwa amekaa takriban miaka 6 bila kupoteza pointi hata moja. Kilichobadilika maishani mwake ni kingine: Desemba 1999 alichaguliwa kuingia bunge la Urusi, Duma, hivyo aliyeshindwa Sydney alikuwa mheshimiwa mbunge.

Kwa nini basi watu wanang'ang'ania kwamba alibwagwa? Nadhani ni kwa sababu Karelin mwenyewe alituzoesha hivyo. Mapambano yake yalikuwa na mwisho mmoja unaokumbukwa: mtu wa kilo 130 yuko hewani, miguu juu kichwa chini, halafu kishindo. Mtu wa namna hiyo anaposhindwa, akili inataka naye arushwe.

Tuuangalie basi mrusho wenyewe, maana ndio uliomfanya Karelin kuwa Karelin. Mtindo huu wa mieleka unaitwa wa Kigiriki na Kirumi, ingawa kanuni zake zilipikwa Ufaransa katika karne ya 19. Sheria kuu ni kwamba huruhusiwi kushika chochote chini ya kiuno. Hakuna kukamata mguu, hakuna ngwala, hakuna kumnasa mtu kwa miguu yako. Katika enzi za Karelin, mchezaji aliyeonekana kukwepa mchezo aliamriwa kushuka chini kwa mikono na magoti, mpinzani akaanza akiwa juu yake. Wa chini alikuwa na kazi moja: ajilaze kifudifudi, ajibandike kwenye mkeka, awe mzito kadiri alivyoweza. Katika uzito wa juu hiyo ilitosha kabisa. Nani ataokota kilo 130 zilizolala, tena zisizotaka kuokotwa? Mbinu ya kumkumbatia mtu kiunoni kinyume, ukamnyanyua kutoka sakafuni na kumrusha nyuma, ilikuwa ya watu wepesi. Kwa wazito ilihesabiwa kuwa jambo la kuota tu.

Inasimuliwa kwamba Karelin aliwahi kupandisha friji kwa mikono yake hadi ghorofa ya nane, kupitia ngazi. Ichukue kama hadithi, lakini friji hilo linatufaa. Friji husimama. Kitovu cha uzito wake kiko karibu na kiuno chako. Unalikumbatia, unalilaza kifuani, na uzito wote unashuka moja kwa moja kwenye nyonga na mapaja yako. Halisogei, halikusukumi. Sasa lilaze chini kifudifudi. Kitovu cha uzito kimeshuka hadi shubiri moja kutoka sakafuni. Ili ulifikie inakubidi uiname, na ukiinama mzigo unakaa mbele ya mgongo wako, mbali. Hapa ndipo hesabu inapouma: kilo 130 zilizo sentimita 40 mbele ya kiuno chako zinaukunja mgongo kwa nguvu maradufu ya kilo hizo hizo zikiwa sentimita 20. Halafu lipe friji hilo viwiko, jasho, na hamu kubwa ya kutambaa hadi ukingoni mwa mkeka.

Kwa hiyo siri haikuwa mikono yenye nguvu peke yake. Siri ilikuwa kuufupisha ule umbali. Karelin alijilaza juu ya mgongo wa mpinzani, kichwa kikielekea upande wa miguu ya mpinzani, akapitisha mikono chini ya tumbo na kuifunga. Hakunyanyua mara moja. Alianza kwa kumvuta na kumlaza ubavu kidogo, mpaka upande mmoja wa nyonga ukabanduka kwenye mkeka. Upenyo huo ukipatikana, alisogeza magoti yake karibu, akamvuta mtu mpaka kiuno chake kikakaa kifuani pake. Sasa mzigo uko karibu na mwili na friji limesimama, ila limesimama juu chini. Kutoka hapo kazi ni ya mapaja: anainuka, anajipinda nyuma kama upinde, na wote wawili wanakwenda, mpinzani akitangulia kwa mabega au kwa shingo. Aliyenyanyuliwa hana la kufanya, kwa sababu kitu pekee kingeweza kumwokoa, kujinasa kwa miguu, kimekatazwa na sheria ya mchezo. Mrusho mkubwa wa namna hii ulikuwa na pointi 5.

Seoul 1988 ndiko dunia ilikouona vizuri. Karelin, ndiyo kwanza anatimiza miaka 21, alikuwa nyuma 0-3 katika fainali dhidi ya Rangel Gerovski wa Bulgaria, na muda ulikuwa umekaribia kwisha. Akamnyanyua, akamrusha, ikawa 5-3. Baada ya hapo ikaanza kusemwa kwamba wapinzani wengine, wakishahisi mikono ile imefungana tumboni, hugeuka wenyewe na kulala chali wagusishwe mabega, pambano liishe, kuliko kusafirishwa. Haiwezekani kuthibitisha nia ya mtu aliye kifudifudi, lakini ukiwa na shingo moja tu, hoja hiyo si ngeni.

Angalia sasa mrusho huo unategemea nini. Mapaja, ndiyo. Mgongo, ndiyo. Ila vyote hivyo vinapita mahali pamoja penye upana wa kiganja: pale mkono unaposhika mkono. Vidole vikiachana, nguvu yote ya nyuma yake haina pa kwenda.

Gardner hakuwa mgeni wa mrusho huo. Mwaka 1997, katika mashindano ya dunia, Karelin alimfunga 5-0, na kurushwa alikuwa amekuonja. Sydney alikuja kucheza mchezo wa kuchosha: kusukumana kifua kwa kifua, kutosimama mahali pamoja, na kila alipowekwa chini kuhakikisha nyonga hazibanduki. Karelin alijaribu kumnyanyua katika raundi ya kwanza akashindwa. Ikawa 0-0, wakaingia kwenye kukumbatiana.

Kumbuka kinachotakiwa hapo. Mikono yako inauzunguka mwili wa mtu wa kilo 130, na viganja vyako vinakutana nyuma kabisa, mwishoni mwa urefu wa mikono. Ukisimama tu, ni rahisi kuvishikilia. Ukitaka kumtupa lazima ubadilishe mguu na ugeuze nyonga. Naye akirudi nyuma wakati huo huo, duara unalolizunguka linapanuka na vidole ndivyo vinavyolipa. Karelin alisogea, Gardner naye akasogea, viganja vikaachana. Mtu asiyekuwa na nia ya kushambulia asingeachia. Kwa maana hiyo pointi ile aliipoteza kwa kutaka kushinda.

Zilibaki dakika nyingi za kuirudisha, na hili watetezi wake hulisahau. Kanuni ziliwataka washindi wafikishe pointi 3 ndani ya dakika 6. Kwa kuwa hakuna aliyefikisha, wakaongezewa 3 nyingine. Karelin alisukuma, akavuta, hakupata hata pembe ya kuingilia. Sekunde za mwisho kabisa aliacha kushindana akashusha mikono. Gardner akapiga sarakasi ya kujibiringisha katikati ya mkeka, na kwa mtu wa uzito wake hilo nalo lilihitaji kuonwa.

Rekodi ya Karelin inayotajwa kila mahali ni ushindi 887 na vipigo 2. Hiyo 887 ipokee kwa uangalifu, maana hesabu za aina hii hupita mikono mingi kabla ya kufika magazetini. Zile 2 ndizo zinazovutia zaidi. Ya kwanza ilikuwa mwaka 1987, katika ubingwa wa Muungano wa Kisovyeti, dhidi ya Igor Rostorotsky, kabla hajawa Karelin tunayemjua. Matokeo: 0-1. Miaka 13 baadaye, Sydney, tena 0-1. Na katikati, Atlanta 1996, miezi michache baada ya kuchanika msuli wa kifua kwenye mashindano ya Ulaya mjini Budapest, alipata dhahabu yake ya tatu kwa kumshinda Matt Ghaffari wa Marekani kwa pointi hiyo hiyo moja bila jibu. Mtu anayekumbukwa kwa kurusha watu alikuwa na usiku mwingi mwembamba kuliko tunavyosimulia.

Kuhusu dhahabu, Mijaín López wa Kuba amekwisha kumpita mbali: 5 mfululizo katika uzito wa juu, kuanzia Beijing 2008 hadi Paris 2024. Karelin alistaafu baada ya Sydney, akabaki na siasa zake. Gardner ndiye aliyeachiwa kesi ya kwamba alibahatika. Mwaka 2001 alikwenda mashindano ya dunia mjini Patras, Ugiriki, ambako Karelin hakuwepo wala hapakuwa na vidole vyake vya kulaumiwa, akarudi na dhahabu. Mwaka 2004, Athens, akaongeza shaba ya Olimpiki, huku akiwa amepoteza kidole cha mguu kwa baridi kali ya theluji miaka miwili nyuma.