2,147,483,647 ni namba ya aina gani?

Duka la jumla Kariakoo linalotumia programu ya zamani ya mauzo linaweza kwenda vizuri miezi yote, halafu siku moja jumla ya mwaka ikasomeka hasi bilioni mbili na ushee. Hakuna aliyeiba. Jumla imevuka 2,147,483,647 tu, kiasi ambacho kwa hesabu za shilingi si cha ajabu.

Programu kama hiyo huipa kila namba biti 32, yaani nafasi 32 za kuandika 0 au 1. Biti moja inaonyesha kama namba ni hasi au chanya, zinabaki 31. Zote zikijaa, umefika kwenye 2 kwa kipeo cha 31, toa 1. Ukiongeza hata shilingi moja, hesabu inarukia upande wa hasi. Saa za kompyuta zinazohesabu sekunde kwa biti hizo tangu mwanzo wa 1970 zitafika kikomo hicho Jumanne, 19 Januari 2038, saa 12:14 asubuhi kwa saa za Dar es Salaam.

Namba hiyohiyo pia ni namba tasa: haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Unaweza kudhani ndiyo sababu ikawa kikomo. Sivyo.

Utasa wake ulithibitishwa na Leonhard Euler, mwanahisabati Mswisi, na taarifa ikachapishwa 1772, wakati ambao alikuwa karibu haoni kabisa. Kwa njia ya kawaida ungejaribu kila namba tasa hadi kwenye kipeuo chake cha pili, yaani hadi 46,340, na hizo ni zaidi ya 4,700. Euler alijua kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, kama kingekuwepo, lazima kikigawanywa kwa 248 kibakize 1 au 63. Hapo za kujaribu hazizidi 373, na nyingi unazitupa bila kuzigusa. 249 ni 3 mara 83, itupe. 311 ni tasa, basi gawanya: unapata 6,905,092, baki 35. Inayofuata ya kujaribu ni 1,303. Kwa mkono ni kazi, lakini ni kazi yenye mwisho, na kwangu huo ndio uzuri wake.

Kipeo 31 chenyewe ni tasa, na hilo ni sharti ili 2 kwa kipeo hicho, toa 1, iwe tasa, ila halitoshi. 29 nayo ni tasa, lakini 2 kwa kipeo cha 29, toa 1, ni 233 × 1,103 × 2,089.

Na vikomo vingine vya kompyuta? Cha biti 16 ni 32,767, sawa na 7 × 31 × 151. Cha biti 64, kinachotumika siku hizi, ni 9,223,372,036,854,775,807, nacho kinagawanyika kwa 7.