Mnyama hafungi: neno linalochanganya kabla ya upasuaji

Kufunga kabla ya upasuaji ni kukaa bila chakula kwa muda aliopanga daktari, ili tumbo liwe tupu mgonjwa anapopewa nusukaputi. Aliyelala kwa dawa hawezi kukohoa wala kumeza vizuri, hivyo akitapika, kilichomo tumboni huweza kuingia mapafuni. Curtis Mendelson, daktari wa New York, aliandika kuhusu jambo hilo mwaka 1946 baada ya kuliona kwa kina mama waliokuwa wakijifungua wakiwa wamelazwa kwa dawa. Maana ndiyo hiyo, haina zaidi.

Shida ni neno lenyewe. Shemeji yangu anakaa Leicester na anafuga fereti, yule mnyama mwembamba wa jamii ya kicheche (si nguchiro, jamani). Fereti wake alikuwa apasuliwe tumbo, kutolewa uvimbe kwenye kongosho. Kliniki wakamwambia mnyama asile kwa masaa manne kabla. Usiku akaandika kwenye kundi la familia: "Kesho operesheni, amefunga tangu isha." Maji nayo keshayaondoa. Watu wakaitikia dua. Mimi nikapiga simu.

Saumu tumeipokea kutoka Kiarabu, ila kitenzi ni chetu: kufunga, kinyume chake kufungua. Ndiyo maana chakula cha asubuhi kinaitwa kifungua kinywa, na ndiyo maana watu wa pwani wanauita mwezi wa Shawwal Mfunguo Mosi, kisha wanahesabu mpaka Mfunguo Tisa kabla ya kufika Rajabu. Miezi tisa inahesabiwa tangu siku watu walipofungua! Neno lenye uzito huo halimkai mnyama. Funga hutaka nia, na fereti nia hana. Ukimwambia mtu wa kijijini "mfunge mnyama" atakwenda kutafuta kamba. Na daktari huyohuyo atalifunga tumbo kwa nyuzi, halafu siku mbili baadaye akuulize kama mgonjwa amefunga choo.

Hayo ningeyavumilia. Linalonikera ni kwamba neno linakuja na desturi zake: alfajiri hadi magharibi, maji pia marufuku, na aliyezidisha ndiye mwema zaidi. Kwenye upasuaji kuzidisha hakuna thawabu. Utumbo wa fereti ni mfupi, na chakula hupita mwilini mwake kwa masaa matatu au manne tu. Tena huyu wa shemeji alikuwa na uvimbe unaomwaga insulini ovyo. Mnyama wa namna hiyo akilala na njaa usiku kucha, sukari inashuka, anadondosha mate, anakodoa macho, miguu ya nyuma inalegea, na anafika mezani akiwa hoi kabla hajaguswa na kisu. Kwa wengine, hata hayo masaa manne daktari huyapunguza. Sungura yeye hawezi kutapika, kwa hiyo kwa kawaida hanyimwi chakula kabisa. Hata binadamu mzima mwenye afya, mwongozo wa kawaida ni masaa sita kwa mlo mwepesi, na maji matupu anaruhusiwa mpaka masaa mawili kabla.

Baada ya upasuaji kosa ni lilelile. Watu wanasubiri "afungue" kana kwamba kuna adhana. Fereti akishaamka sawasawa hupewa nyama laini iliyosagwa, kidogo kidogo, mapema, isipokuwa daktari aliyemkata utumbo aseme vingine. Awekwe pahali pa joto, kwenye kizimba kisicho na ghorofa za kupanda, kwa wiki mbili hivi.

Basi ukimwelekeza mtu, liache neno kufunga. Sema "asipewe chakula", kisha taja wakati. Wala usiandike "asile saa nne", maana msomaji ataelewa saa nne asubuhi. Kama operesheni ni saa tatu asubuhi, mwandikie: mlo wa mwisho saa kumi na moja alfajiri, maji yasiondolewe. Najua wapo watakaonisahihisha kwamba wingi wa saa ni saa, si masaa. Hapa naomba waniachie.