Shahada ya Biashara: Utakachokutana Nacho Darasani

Kila KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo Kenya, wanapotangaza majina, simu yangu haitulii. Wazazi wana swali moja: "Mwalimu, mtoto amepata BCom. Akimaliza atafungua biashara gani?" BCom ndiyo hii shahada ya biashara. Huwa nawajibu kwamba huenda asifungue yoyote, na hapo hakuna aliyekosea. Nafundisha uhasibu hapa Kisumu, na naweza kusema bila kupepesa macho kwamba kozi hii haimfundishi mtu kuuza. Inamfundisha kuisoma biashara, iwe kioski au benki, na kugundua pesa zinavujia wapi. Kuuza utajifunzia Kibuye sokoni, tena bila karo.

Jina la shahada lisikunyime usingizi. Ukienda vyuo vikuu kama Maseno, Egerton, Kabarak, Masinde Muliro au Moi utakuta majina tofauti, huku "biashara", kule "usimamizi wa biashara", lakini miaka miwili ya kwanza inafanana sana: uchumi, hesabu za biashara, takwimu, kanuni za usimamizi, sheria, uhasibu, na zile kozi za lazima za mawasiliano ambazo wengi huzidharau mpaka siku ya kuandika ripoti. Mchepuo, yaani uhasibu, fedha, masoko, rasilimali watu au ununuzi na ugavi, kwa kawaida huja mwaka wa tatu. Wa nne una somo la mikakati na mradi wa utafiti.

Chujio lenyewe ni uhasibu wa mwaka wa kwanza. Hesabu zake ni za kujumlisha na kutoa tu. Kinachowatoa watu jasho ni kwamba kila shilingi inaandikwa mara mbili. Mama anayeuza omena akikopa 20,000 kwenye chama, pesa taslimu zinaandikwa debiti, yaani upande wa kushoto wa daftari, na mkopo unaandikwa krediti, upande wa kulia. Hapo hakosi mtu wa kunyoosha mkono: "Lakini mwalimu, benki ikinitumia ujumbe, krediti ni pesa zimeingia!" Ni kweli, ila ujumbe ule umetoka kwenye vitabu vya benki, si vyako. Pesa ulizoweka kule ni deni ambalo benki inadaiwa na wewe. Ukishajua unasimama upande wa nani, nusu ya kazi imekwisha. Wanaokariri orodha ya debiti na krediti hufika salama mpaka kwenye marekebisho ya mwisho wa mwaka, kodi ya nyumba iliyolipwa mapema na uchakavu wa mashine, wakazama hapo.

Somo ninalolipenda zaidi ni hesabu za gharama. Chukua muuza chapati pale Kondele. Tuseme kodi ya kibanda ni 6,000 kwa mwezi na msaidizi analipwa 9,000. Hizo 15,000 zitatoka auze asiuze. Chapati ni shilingi 20. Unga, mafuta na makaa vinakula 12. Kila chapati basi inabakiza 8 za kulipia zile 15,000, kwa hiyo anahitaji kuuza chapati 1,875 kwa mwezi ndipo arudishe gharama. Akifanya kazi siku 26, ni kama 72 kwa siku. Sasa pandisha bei ya mafuta, gharama ya chapati moja ifike 14. Imepanda shilingi mbili tu, lakini sasa anahitaji chapati 2,500, yaani zaidi ya 96 kila siku, na wateja ni walewale. Darasa huwa linanyamaza hapo. Wengi wamelelewa na biashara za namna hii, na ndipo wanapoanza kuelewa kwa nini nyumbani pesa zilikuwa zikiisha ilhali wateja walikuwa wamejaa.

Sheria ya biashara nayo ina ladha yake. Utasoma kesi ya Salomon ya mwaka 1897, ya mtengeneza viatu wa London, iliyothibitisha kwamba kampuni, mbele ya sheria, ni mtu tofauti na mwenye kuianzisha. Isome vizuri. Sheria ya Kampuni ya Kenya ya 2015 inamruhusu hata mtu mmoja kuwa na kampuni, na ukikosa kuielewa kesi hiyo utadhani pesa za kampuni ni za mfukoni mwako.

Alama? Katika vyuo vingi majaribio ya CAT na kazi za darasani hubeba 30, mtihani 70, na 40 ndiyo ya kupita. Kazi za kikundi zitakukera: mko sita, wawili wanaandika, wanne wanatuma namba zao za usajili WhatsApp usiku wa kuwasilisha. Gaweni kazi kwa majina tangu siku ya kwanza, na mwalimu aione hiyo orodha.

Jambo ambalo wazazi hawaambiwi mapema ni kwamba BCom ya uhasibu peke yake haikufanyi CPA, yaani mhasibu aliyeidhinishwa. Kuna mitihani ya KASNEB, bodi ya mitihani ya wahasibu, halafu uanachama wa ICPAK, chama cha wahasibu hao. Shahada inaweza kukuondolea baadhi ya karatasi, ila hata huo msamaha una ada yake. Kwa maoni yangu anza mwaka wa pili, wakati uhasibu bado uko moto kichwani.

Na mafunzo ya kazini, ile attachment, usiyasubirie mpaka muhula ufungwe. Sacco, ofisi za kaunti na kampuni za ukaguzi hupokea barua nyingi kuliko viti, kwa hiyo peleka yako miezi kadhaa kabla. Ukipata, kuna daftari la kila siku ambalo msimamizi wako hutia saini. Lijaze jioni ileile, uandike ulichofanya hasa: "nimelinganisha taarifa ya benki na daftari la pesa, tofauti imetokana na hundi mbili," wala si "nimesaidia ofisini." Mwalimu akija kukukagua, daftari hilo ndilo anauliza kwanza.