Ubeberu: neno lililotoka zizini

Beberu ni mbuzi dume. Kutokana naye tukapata neno ubeberu: hali ya nchi moja kuzikalia nyingine, ikazipangia mipaka, bei ya mazao na hata nani azitawale.

Wengi huamini Ulaya ilipanda juu kwa sababu watu wake walizidi wengine ushujaa au akili. Sisi wa Iringa tunalo jibu hapa hapa. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, Wahehe wa Mtwa (mtawala) Mkwawa walikivizia kikosi cha Kijerumani cha Emil von Zelewski wakakifyeka kwa mikuki, na Zelewski mwenyewe akafa. Kama ushujaa ndio ungekuwa kipimo, mambo yangeishia hapo. Lakini nyuma ya Wajerumani kulikuwa na viwanda vya bunduki, meli za mvuke, Mfereji wa Suez uliofunguliwa 1869, na kwinini ya kupambana na malaria. Kikosi kikifa, kinaletwa kingine. Nyuma ya Mkwawa kulikuwa na wahunzi. Risasi ikishapigwa, hakuna pa kupata nyingine ila kuiteka. Oktoba 1894 mizinga ikaelekezwa kwenye ngome ya Kalenga, ikaanguka.

Viwanda hivyo vilitoka wapi? Mwaka 1750, kwa makadirio ya wanahistoria wa uchumi, China na India pamoja zilitengeneza zaidi ya nusu ya bidhaa za dunia. Kufikia 1900 hazikufika hata sehemu moja ya kumi. Katikati hapo Uingereza ilipata injini bora zaidi ya mvuke na makaa ya mawe yaliyo karibu na maji ya kuyasafirisha. Ilipata pia pamba iliyolimwa na Waafrika waliouzwa utumwani Marekani, kwenye ardhi iliyoporwa. Hilo la pamba nalipa uzito mkubwa, maana makaa peke yake hayamwinui mtu. Makaa ya Kiwira na Mchuchuma yamelala chini ya milima yetu tangu kale, na bila mtaji, soko na mashine ya kuyala, ni mawe meusi tu.

Ukifika makumbusho ya Kalenga utaliona ndani ya kioo fuvu la Mkwawa, ambalo Wajerumani walilichukua baada ya kifo chake. Mkataba wa Versailles wa 1919 ulikuwa na kifungu kinachoiagiza Ujerumani ikabidhi fuvu hilo kwa serikali ya Uingereza. Kwa Uingereza, si kwa Wahehe. Lilirudi nyumbani 1954, mkononi mwa gavana Mwingereza.