Watani wa jadi chini ya paa moja: yanayosemwa na yaliyo kweli kuhusu mabonanza ya kikapu ya vyuo Marekani

Kwa miaka kadhaa, kila Desemba, majimbo ya Indiana na Iowa yalikuwa na siku yao ya mpira wa kikapu: vyuo vinne vya jimbo moja, ukumbi mmoja mjini, mechi mbili mfululizo. La Indiana liliitwa Crossroads Classic, na lilichezwa Indianapolis. Lilianza 2011, likachezwa mara ya mwisho 2021. La Iowa lilifanyika Des Moines kuanzia 2012 hadi 2018. Mimi ni mpenzi wa siku za namna hii, na inaniuma kuona zinavyoelezwa vibaya tangu zilipokufa.

"Chuo kikubwa hakipati kitu"

Hii ndiyo inayorudiwa kuliko zote, na jibu lake liko kwenye hesabu za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo. Tangu 2018 kamati inayochagua timu za mashindano ya taifa ya Machi inatumia kipimo kiitwacho NET, ambacho hupanga timu zote kwa nafasi. Kila ushindi huingizwa katika moja ya makundi manne, kulingana na nafasi ya uliyemfunga na mahali ulipomfunga. Ukiwa nyumbani, ushindi ni wa kundi la kwanza pale tu mpinzani anapokuwa ndani ya nafasi 30 za juu. Kwenye uwanja huru, yaani usio wa timu yoyote, anatosha aliye ndani ya 50. Ugenini, ndani ya 75.

Sasa chukua Purdue, kimoja cha vyuo vinne vya Crossroads Classic, inayoifunga timu ya nafasi ya 45. Ikiifungia kwake, Mackey Arena, ni ushindi wa kundi la pili. Ikiifungia Indianapolis, kilomita 100 hivi kutoka chuoni, huku ukumbi umejaa watu wake, ni kundi la kwanza. Kwa timu inayohangaikia nafasi ya Machi, hiyo si faida ya kudharau.

"Ukifungwa na mdogo, msimu umeharibika"

Desemba 2012 timu ya chuo cha Indiana iliingia Crossroads Classic ikiwa namba moja nchini, na Cody Zeller akiwa nyota wake. Butler, chuo kidogo cha Indianapolis, wakaikazia mpaka muda wa nyongeza. Zikiwa zimebaki sekunde chache, mpira ukawa kwa Alex Barlow, mchezaji aliyejiunga na timu bila ufadhili wa masomo. Akageuka, akajipenyeza kati ya mabeki, akaurusha. Ukagonga chuma, ukacheza pale juu, ukazama. Butler 88, Indiana 86.

Indiana walifanyaje baada ya hapo? Walitwaa ubingwa wa ligi ya Big Ten, na Machi 2013 wakapangwa namba moja katika kanda yao ya mashindano ya taifa. Kipigo kile hakikuwanyima chochote, na kilimpa kijana mmoja wa Butler usiku unaosimuliwa hadi leo.

"Uwanja huru, kwa hiyo haki sawa"

Kwenye karatasi, ndiyo. Lakini chuo cha Drake kiko Des Moines hapohapo, Iowa State kiko Ames, mwendo mfupi tu kwa gari, wakati mashabiki wa Northern Iowa walisafiri zaidi ya kilomita 160 kutoka Cedar Falls. Huko Indiana nako, Butler walikuwa nyumbani kabisa na Notre Dame wakitokea South Bend, kaskazini mwa jimbo.

"Ni fadhila kwa vyuo vidogo"

Hapa ndipo ninapokasirika. Kabla ya 2012, wakubwa, yaani vyuo vya Iowa na Iowa State, walikuwa wakicheza na wadogo Drake na Northern Iowa kila mwaka, nyumbani na ugenini kwa zamu. Kwa hiyo mkubwa alilazimika kuufuata mji wa mdogo, na mji huo ukajaza ukumbi. Bonanza lilipokuja, kila chuo kidogo kikabaki na mkubwa mmoja tu kwa mwaka, tena Des Moines. Wale wadogo hawakuongezewa, walipunguziwa.

Na wasiseme kwamba Cedar Falls si mahali pa mkubwa kwenda. Novemba 2015 North Carolina, namba moja nchini, walisafiri hadi McLeod Center, ukumbi wa Northern Iowa, kwa sababu mchezaji wao Marcus Paige ni mtoto wa Iowa na walitaka acheze karibu na kwao. Paige aliumia mkono akakosa mechi. Timu yake ikaja hivyohivyo, ikafungwa 71-67. Msimu huohuo North Carolina walifika fainali ya taifa. Na mwezi mmoja baada ya mechi ile, Northern Iowa wakaifunga Iowa State 81-79 pale Des Moines.

"Lilikufa kwa sababu watu walilichoka"

Hapana. Big Ten, ligi ya vyuo vya Iowa, Indiana na Purdue, ilipandisha mechi za ligi kutoka 18 hadi 20 msimu wa 2018-19, nafasi za mechi nyingine zikapungua. Na mechi ya nyumbani ina viingilio, maegesho na chakula ambavyo mwenyeji hagawani na mtu.

Kama kuna mahali pa kuigwa, ni Philadelphia. Vyuo vitano vya eneo hilo viitwavyo Big 5, vinavyochuana tangu miaka ya 1950, vilimwongeza Drexel mwaka 2023 na kugawanyika makundi mawili ya timu tatu. Mwaka huo mechi za makundi zilichezwa kwanza vyuoni, kisha wote sita wakakutana siku moja katika ukumbi mkubwa wa jiji kuamua nafasi. Bonanza halikuzimaliza zile mechi za vyuoni. Villanova, mmoja wa hao sita na mabingwa wa taifa wa 2016 na 2018, walilazimika kuingia Palestra, ukumbi wa chuo cha Penn uliofunguliwa 1927, na wakafungwa mle. Wakafungwa tena na chuo cha Saint Joseph's kwao wenyewe. Siku ya bonanza ilipofika Desemba, Saint Joseph's na Temple waligombea kombe, na Villanova wakagombea nafasi ya tano na Drexel, wakafungwa 57-55.